Ng'ambo ya Narengan

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Kikapu cha waya cha kona ya ukuta kimejaa leo. Mawe makubwa chini, madogo juu, kisha waya ukakazwa kwa koleo mpaka ukalia. Vidole vyangu vyote vimechubuka. Wanawake wengi hawakuja, ni siku ya kupokea chakula katika kambi ya wakimbizi. Achol alikuja. Macho mekundu, hakulala. Mtoto wake amelazwa wadi ya watoto, hapo nyuma ya ukuta wetu. Nilimwambia aende akakae naye. Akasema, "Huko mimi nakaa tu nalia. Hapa nabeba jiwe." Nikamwacha abebe. Unyapara ni kujua nani wa kusukuma na nani wa kuacha.

Laga, mto wetu wa msimu, ni kavu. Mchanga mwekundu, ndiyo maana tukaiita Narengan. Mbuzi wanavuka kwato kavu. Madereva wanaopita hutucheka, wanawake wanaojenga ukuta kando ya mchanga. Na wacheke.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepanda laga na injinia Barasa kwa miguu mpaka karibu na vilima. Yeye ni mtu wa Bungoma, mrefu, hachoki, maneno machache. Alitaka kuona maji yanakotoka. Nami nimekaa kando ya Narengan maisha yangu yote na sikuwahi kuifuata hadi mwanzo wake. Nani hufuata mchanga?

Kule juu ni mfereji tu kati ya miamba, mtu anauruka. Halafu inashuka uwandani, inapanuka, inazurura kama mlevi anayetafuta kwake. Inapinda penye mikoma, inapinda tena penye kichuguu kikubwa, ndipo inakuja kutupiga hapa, penye zahanati na bohari ya chakula. Baada ya hapo inanyooka kwenda kuungana na mto Tarach. Kila inapopinda, ukingo wa nje umeliwa. Mizizi inaning'inia hewani.

Penye mikoma Barasa alisimama. Juu ya kichwa chake kulikuwa na nyasi kavu na kipande cha ngozi kuukuu, vimenasa kwenye matawi. Nikadhani ni kiota. Akasema, "Maji yalifika hapo." Tukaangalia tu.

Tulipofika ukutani nikamuuliza. Tukiyazuia upande huu, yataenda wapi?

"Ng'ambo." Hakuficha hata kidogo.

"Ng'ambo kuna boma la dada yangu."

"Najua. Huku kuna wadi, na chakula cha kambi. Waya tulioletewa unatosha upande mmoja. Ungekuwa mimi, Asekon, ungejenga wapi?"

Niliokota jiwe, nikarudi kwenye kikapu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nilivuka kwenda kwa dada yangu, Napeyok. Arot, mke wa mwanawe Ekal, alikuwa anamwogesha mtoto. Mtoto anapiga kelele kama anachinjwa, sisi tunacheka. Ekal mwenyewe yuko mbali na ngamia, upande wa Lokichoggio. Hatarudi mpaka malisho yaishe.

Nikamweleza dada. Maji yatagonga ukuta wetu, yatarudi kwake, ukingo utamomonyoka, boma litakwenda nao. Alinisikiliza huku akiweka sawa shanga za shingoni.

"Huo ukuta anaujenga nani?"

"Mimi na wenzangu."

"Basi usiujenge."

Nikasema nyuma yake kuna watoto wagonjwa. Akanionyesha mjukuu wake kwa kidevu. "Na huyu je?"

Hatoki. Mume wake amezikwa ndani ya zizi lile. Kisima chake hakijawahi kukauka, hata miaka ile mifugo ilipokwisha. Boma liko juu ya kipande cha ardhi kilichoinuka kidogo, anaona mbuzi wake wote akiwa amekaa. Mama alipokufa Napeyok ndiye aliyenilea, na nimezoea kumtii. Leo hata sauti sikuweza kupandisha. Katika nyumba ya baba tumebaki wawili tu.

Nimemkasirikia. Nina hasira na Barasa pia, na yeye hana kosa.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani wameomba mvua. Sikusema amina.

Alhamisi, 16 Oktoba

Redio ya injinia inasema mvua kubwa inakuja nchi nzima. Wameipa jina la kigeni, kila mtu analitamka kivyake. Wanaume dukani wanacheka. Mvua hapa? Basi serikali ituletee.

Joto baya sana. Upepo umekufa. Mawe yanachoma viganja, tunayashika kwa vipande vya gunia. Magharibi, upande wa Uganda, kuna wingu jeusi lililolala juu ya milima tangu asubuhi. Halisogei. Halinyeshi hapa. Limekaa tu kama mtu anayengoja mwenzake atoke nyumbani.

Jumapili, 19 Oktoba

Kisima cha Napeyok kimepanda. Wiki iliyopita Arot alikuwa anashuka ndani mpaka anapotea kichwa, anachota kwa kibuyu. Leo alipiga magoti juu tu akachota. Hakuna tone la mvua lililoanguka Kakuma. Wanawake wa ng'ambo waliimba. Napeyok aliniangalia kwa ushindi, kama kwamba maji yenyewe yamemtetea.

Mimi sikuimba nao. Maji yanakuja chini ya mchanga, yametangulia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Yamefika.

Mchana, jua kali, hakuna wingu juu yetu. Kwanza mbuzi walitoka lagani mbio. Kisha sauti, kama lori linalopanda mlima mbali. Kisha ulimi wa povu la kahawia ukapinda penye kichuguu, ukisukuma vijiti na kinyesi cha ngamia. Yalifika magotini tu. Lakini nguvu! Yalibeba nguzo ya nyumba ya mtu, na fisi aliyekufa, tumbo juu.

Yaligonga ukuta. Ukuta haukutikisika. Yakajikunja, yakavuka laga kwa mshazari na kwenda kupiga ng'ambo, palepale Barasa alipoonyesha kwa kidole. Watu wa upande huu wakapiga makofi. Daktari msaidizi alitoka wadini akatupigia saluti. Achol hakupiga makofi. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwa maji. "Mimi najua maji," aliniambia baadaye. "Sisi tulivuka mto tukikimbia vita, wakubwa na wadogo. Wengine hawakutoka ng'ambo ile."

Mimi nilikuwa natazama ukingo wa dada yangu ukidondoka. Donge, kisha donge. Kila donge linatoa sauti ya mtu anayekaa chini kwa uchovu.

Jua lilipotua maji yalikuwa yamekwisha, imebaki tope. Hiyo ni kidogo. Hiyo ilikuwa ni kubisha hodi tu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimegombana na Napeyok mbele ya watu. Nilimwita mkaidi. Akaniita mtumwa wa wenye magari. Nilimwambia ukingo umebaki hatua chache kufika zizini. Akasema mumewe amelala hapo na hajalalamika.

Arot alinifuata nje ya boma. Msichana mpole, hajawahi kunipinga. Akasema, "Mama mdogo, mimi naogopa. Niambie niende wapi."

Nilimpeleka nyuma ya boma, mbali na laga, kwenye uwanda. Kuna mstari wa migunga huko, mirefu, ya kijani hata wakati huu wa ukame. Kivuli kizuri. Ardhi laini ya kuchomeka fito. Nilimwita Barasa aje aone. Alitembea huku na huku, akaangalia laga ilivyo mbali, akasema hapa maji ya ukingoni hayawezi kufika. Arot akafurahi. Nami nikafurahi. Angalau mmoja amenisikia.

Jumanne, 28 Oktoba

Baada ya kazi nilivuka kumsaidia Arot kujenga. Tunakunja fito, tunafunga kwa kamba za majani ya mkoma. Anaimba vibaya, anajua, anaimba zaidi. Alinisimulia jinsi Ekal alivyomposa, jinsi alivyojikwaa mbele ya baba yake na kuanguka na fimbo yake. Nilicheka mpaka machozi. Sikuwa nimecheka tangu laga ilipobisha hodi.

Ubishi umebaki juu ya mtoto. Napeyok amesema mama aende anakotaka, mtoto ananywa maziwa ya mbuzi na mbuzi wako hapa. Nilimwambia Arot asikubali, amchukue mwanawe moja kwa moja. Yeye hapendi vita. Wamepatana hivi: mchana mtoto yuko na mama yake kwenye migunga, wakati wa kukamua anarudishwa kwa bibi, analala huko mpaka nyumba ikamilike. Sijaridhika. Nikamaliza siku nikiwa nimenuna.

Jumatatu, 3 Novemba

Barasa ameshikwa na malaria. Anatetemeka mpaka kitanda kinatembea. Waya umekwisha na bado pengo la mwisho la ukuta. Upo Lodwar, umekaa uani kwa sababu hakuna aliyekwenda kuuchukua. Ameniomba niende na lori, nimwambie mkubwa wa stoo kwa mdomo wangu.

Sikusita. Nina langu. Nitaomba waya wa pili, wa ng'ambo. Nitapiga magoti ikibidi.

Wingu bado lipo magharibi. Sasa ni ukuta mzima, kutoka kusini hadi kaskazini. Umeme ndani yake unawaka bila sauti.

Kabla ya kulala nilimwambia Achol asimamie wenzake. Alinishika mkono. "Rudi haraka," alisema.

Jumatano, 5 Novemba. Lodwar

Nimefikia kwa binamu yangu, mtaa wa Kanamkemer. Asubuhi nilikwenda stoo. Mkubwa alikuwa ananipa mgongo, anakunywa chai. Nilianza kwa kuomba waya wa pengo, akasema chukua. Nikaomba waya wa ng'ambo. Akageuka.

"Ng'ambo kuna nini?"

Nilisema kuna dada yangu, kuna kaburi la shemeji yangu, kuna kisima, kuna mtoto anayeanza kutambaa. Nilisema tumeujenga ukuta kwa mikono yetu na maji yake tumeyaelekeza kwa watu wetu. Niliongea sana. Nilijisikia nikilia, nikajichukia.

Aliweka chai chini. Kisha akamwita kijana wa stoo, akaamuru wapakie mizunguko mingine ya waya, akasema maneno ya kujitetea kuhusu wakubwa wake. Sikuyasikiliza. Lori limejaa. Nimeshinda! Kesho alfajiri tunatoka.

Alhamisi, 6 Novemba. Lodwar

Hatukutoka. Mvua ilianguka usiku kucha na mchana kutwa. Sijaona mvua ya namna hii. Bati la binamu linapiga mpaka hamsikilizani. Mto Turkwel umepanda, watu wamekwenda kuutazama kama harusi. Laga ya Kawalase imefunga njia ya Kakuma. Magari yamepangana, madereva wamevua viatu, wamekaa.

Dereva wetu, Ewoi, anasema tungoje. Kungoja ndiko kunakoniua. Upande wa Kakuma anga ni jeusi tii.

Nimejaribu kupata habari kwa simu ya redio ya ofisi. Milio tu.

Ijumaa, 7 Novemba

Tumengoja. Sikula.

Jumamosi, 8 Novemba. Njiani

Tulivuka Kawalase saa ya mchana, watu wakisukuma, tope hadi mapajani. Nikadhani mabaya yamekwisha. Sasa tumekwama tena kwenye laga nyingine, katikati ya njia, jina sijui. Pana, ya kahawia, inakwenda na miti mizima. Ng'ambo kuna lori lililotoka Kakuma. Tunaonana na hatuwezi kufikiana. Waya wetu uko nyuma yangu, nimeuegemea ninapoandika. Unanuka mafuta mapya.

Baadaye. Ewoi alipanda juu ya kichwa cha lori akapaza sauti kumwita dereva mwenzake. Ukuta umeshika?

Mwenzake akaweka mikono mdomoni. "Umeshika! Wadi nzima, bohari nzima!"

Nikapanda na mimi. Nikapiga kelele, na boma la Napeyok?

"Lipo!" Nikaanza kumshukuru Mungu. Lakini yule mtu alikuwa bado anaita. "Laga imehama! Narengan imeacha njia yake!"

"Imepita wapi?"

Upepo ulichukua neno la kwanza. Alirudia, na safari hii akaonyesha kwa mkono, mzunguko mkubwa, kama mtu anayezunguka kitu kwa nyuma.

"Nyuma! Nyuma ya boma!"

Nilishuka. Huko nyuma ndiko kuliko migunga ya Arot.

Jumapili, 9 Novemba. Kakuma

Nimefika mchana. Nitaandika nilivyoelezwa, kwa sababu nisipoandika nitaendelea kuyaona.

Ilikuwa Alhamisi jioni, wakati wa kukamua. Maji yalikuja marefu kuliko mtu. Yaligonga ukuta, pengo lake Achol na wenzake walikuwa wameliziba kwa magunia ya mchanga, yakasimama, yakavimba. Hayakula ukingo wa Napeyok kama tulivyodhani. Yalirudi nyuma, yakapanda, yakapasua ukingo mfupi wa ng'ambo kule juu penye kichuguu, yakamwagika uwandani. Huko yakapata bonde ambalo hakuna aliyekuwa anaona ni bonde, limejaa mchanga na nyasi, limenyooka chini ya mstari wa migunga. Migunga ile ilikuwa ya kijani kwa sababu chini yake maji ya zamani hayakuwahi kuondoka kabisa. Narengan iliwahi kupita hapo, kabla yetu. Imerudi.

Boma la Napeyok likawa kisiwa. Yeye na mjukuu na mbuzi walikesha juu ya kaburi, mahali palipoinuka, maji pande zote.

Arot alikuwa kwenye nyumba mpya. Alikuwa amemrudisha mtoto kwa bibi, akarudi kufunga paa kabla giza halijaingia. Napeyok alimwona akisimama, akigeuka kutazama nyuma yake. Basi.

Hajapatikana.

Barasa alitoka kitandani akaja kunitafuta, amejifunga blanketi. Alisema, "Nilikosea." Nilimwambia tulikosea. Haikunisaidia wala haikumsaidia.

Jumatatu, 10 Novemba

Tumeifuata laga mpya. Mimi, Achol, wanawake wa mawe karibu wote. Hakuna aliyeitwa. Nilipofika lagani asubuhi niliwakuta wamesimama, kanga zimefungwa viunoni.

Inaanzia kwenye pengo penye kichuguu. Kichuguu chenyewe nusu kimekwenda. Inashuka imenyooka kuliko ile ya zamani, haizururi, kama inajua inakokwenda. Inapita nyuma ya boma. Kati ya migunga mirefu imebaki michache, imelala upande mmoja, magome yamechunwa. Mahali pa nyumba pametandikwa mchanga safi, laini, mwekundu. Hata fito moja haikubaki. Nilipita hapo bila kusimama. Ningesimama nisingeondoka.

Chini ya hapo inapanuka, inagawanyika mara mbili kuzunguka mwamba mweupe. Tukagawanyika nasi. Upande wangu tulikuta sufuria ya mtu, mbuzi wawili, mlango wa bati, Biblia imevimba kama mkate. Tuliita jina lake. Ni upuuzi kuita, tulijua, tukaita tu. Achol alikuwa anaingia kwenye kila rundo la matawi, yeye anayeogopa maji, tope hadi kiunoni, anaondoa kijiti kimoja kimoja kwa upole kama anayemvua mtu nguo.

Mikono miwili ya laga inakutana tena penye mikoma ya chini. Hapo mchanga ni mwororo, miguu inazama. Kisha bonde linafunguka na unaiona Tarach yenyewe, pana, bado inakwenda. Narengan inaingia ndani yake kimya kimya.

Alikuwa hapo, kabla tu ya kukutana. Mchanga ulikuwa umemfunika nusu, kwa ubavu, mkono chini ya shavu. Shanga zake zilikuwepo zote. Achol ndiye aliyemwona. Hakupiga kelele. Aliniita kwa jina, taratibu, "Asekon. Njoo, mama."

Tulimzika juu kidogo ya hapo, mahali pa mawe. Tulibeba mawe. Kazi hiyo tunaijua.

Jumanne, 11 Novemba

Sina la kuandika.

Jumamosi, 15 Novemba

Mtoto wa Achol ametoka wadi, anatembea, amenishika sketi. Achol alitaka kunishukuru kwa ajili ya ukuta, kisha akaona uso wangu, akamchukua mtoto. Nimefurahi kwa ajili yake. Ni kweli nimefurahi. Furaha ipo na haifiki popote.

Ukuta wenyewe umesimama vizuri sana. Mbele yake hakuna maji, hakuna hata tope, mchanga tu. Watoto wanapanda juu yake na kurukia chini.

Ijumaa, 21 Novemba

Nilivuka kwa Napeyok, mara ya kwanza kukaa. Siku zilizopita nilikuwa nafika, naweka chakula, naondoka. Alikuwa anamlisha mtoto maziwa kwa kidole. Nilikaa mbali. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme, aseme yote, anipige hata.

Alisema mara moja tu, bila kuniangalia. "Ulimwambia aende, akaenda. Mimi uliniambia, sikwenda. Sasa nani kati yetu alikuwa na akili?"

"Wewe."

"Hapana." Akamfuta mtoto mdomo. "Mimi nilibaki kwa ajili ya mfu. Sikujua lolote. Usinipe akili nisiyokuwa nayo."

Baadaye akasema mtu atapaswa kumwambia Ekal. Nikasema ni mimi. Akakubali kwa kichwa. Kazi hiyo hataki mtu mwingine aifanye, nami pia sitaki mwingine.

Barasa anataka waya ule niliouleta uende kwenye pengo la kichuguu, kurudisha laga njia yake ya zamani. Ameniuliza ninaonaje. Nilimwambia simwelekezi tena mtu wala maji. Alikasirika kidogo. Kisha akasema atangoja mkubwa wake aje aone kwa macho yake.

Jumapili, 30 Novemba

Nasikia ngamia wameonekana njia ya Lokichoggio. Nimewaomba watu wa barabarani wote, wenye vibanda, wachunga punda, wasimwambie. Wengine wameniangalia vibaya. Wanajua mimi ni nani katika habari hii.

Nimejaribu maneno. Yote yananuka uongo. Nikianza na mvua, naficha. Nikianza na mimi, ni kama nataka kuhurumiwa. Naogopa atakavyoniita. Akiniita kwa jina langu tu badala ya mama mdogo, kama mtu wa nje, nitajua.

Jumapili, 7 Desemba

Ekal alifika jana. Nilimkuta njiani mbele ya ngamia, kabla hajaliona boma. Nilimwambia akiwa amesimama kwa sababu hakutaka kukaa. Nilianza na jina la Arot. Nikasema amekufa kwa maji, na kwamba mahali pale nilipachagua mimi. Sikumtaja injinia. Aliuliza swali moja, kama mtoto yu mzima. Nikasema mzima, anatambaa, ana meno mawili.

Akanikabidhi ngamia. Akaenda peke yake kuifuata laga mpya, kutoka penye pengo hadi chini. Hatukumfuata.

Amerudi leo, jua likielekea kutua. Amekaa na mwanawe mapajani muda mrefu, mtoto akivuta pete ya sikio lake. Napeyok alikuwa anafanya kazi zake. Mimi nilikuwa nimeinuka kwenda zangu. Sikuwa na haja ya kungoja zaidi, na nilikuwa nimechoka.

Ekal alimweka mtoto chini, akaingia zizini kwa mbuzi, akakamua. Akaja na kibuyu akasimama mbele yangu.

"Mama mdogo," alisema. "Kunywa kwanza."

Maziwa yalikuwa ya moto bado, na ladha ya moshi. Nikanywa yote. Kisha nikavuka kurudi nyumbani.